Jinsi ya kupima akili hisia ya mtu kabla hujamkabidhi wateja

Muulize msailiwa yeyote kama anaweza kukaa na mteja msumbufu bila kugombana naye. Atakwambia anaweza, na atakuongezea kwamba yeye ni mtu wa watu. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema, "Kwa kweli bosi, hasira zangu ziko karibu." Swali hilo nililifuta kwenye karatasi yangu ya usaili, na nakushauri nawe ulifute kabla hatujafika mbali.

Nasimamia tawi la taasisi ndogo ya mikopo hapa Tanga. Kazi yetu unaijua: vikundi vya kina mama, mikopo midogo, rejesho kila wiki, na wanakikundi wanadhaminiana wenyewe kwa wenyewe. Afisa mikopo hahitaji hesabu ngumu. Kinachomwangusha ni watu. Akimkaripia mama mmoja mbele ya wenzake, kikundi kizima kinaweza kununa, na kikundi kilichonuna ni kigumu kulipa kuliko kikundi kisicho na pesa. Ndiyo maana nikaanza kutafuta namna ya kupima akili hisia, yaani uwezo wa mtu kuzisoma na kuzimudu hisia zake na za wengine, kabla sijampa mtu pikipiki na daftari la marejesho. Wewe unaweza kuwa na duka la dawa, nyumba ya wageni au zahanati. Njia ni ileile, badilisha mifano tu.

Unapima nini hasa

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, ndio walioandika makala ya mwaka 1990 iliyoipa akili hisia sura ya kitaalamu. Mwaka 1997 wakaipanga katika sehemu nne: kuzitambua hisia, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zinavyozaliwa na kugeuka, na kuzisimamia. Mgawanyo huo unanifaa kwa sababu kila sehemu naiona kazini. Kutambua ni kuona kwamba mama anayecheka kupita kiasi siku ya rejesho ana jambo. Kutumia ni kujijua kwamba siku ukiwa na furaha nyingi utapitisha fomu ya mkopo ambayo siku nyingine ungeikagua mara mbili. Kuelewa ni kujua kwamba aibu ya leo kikaoni, isipopata pa kutokea, kesho huwa hasira, na keshokutwa simu imezimwa. Kusimamia ni kufanya kitu ili wewe na yeye muachane mkiwa bado mnasemezana.

Watu wengi walilisikia jambo hili baada ya mwandishi wa Marekani, Daniel Goleman, kutoa kitabu chake mwaka 1995, na hapo ndipo chumvi ilipozidi. Ukiwa kwenye semina ukaambiwa kwamba asilimia 80 ya mafanikio maishani ni akili hisia, endelea tu kunywa chai yako. Goleman aliandika kwamba akili inayopimwa na mitihani ya kawaida huchangia kama asilimia 20, na 80 iliyobaki ni mambo mengine yote, pamoja na tabaka alilozaliwa mtu na bahati yake. Watoa mada wakaichukua ile 80 nzima wakaipa akili hisia peke yake.

Ukweli ni mdogo kuliko huo, na una faida zaidi. Mwaka 2010 watafiti Dana Joseph na Daniel Newman walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakayapima kwa pamoja. Waliona kwamba uwezo huu unasaidia utendaji katika kazi zinazomlazimu mtu kushughulika na hisia, zake na za wengine. Katika kazi zisizo na mzigo huo faida haionekani, na pengine inaelekea kinyume. Kwa hiyo mhasibu wangu anayeshinda na kompyuta ofisi ya nyuma simpimi hivi. Nampima hesabu na uaminifu, basi. Afisa wa uwandani nampima, na mwanadada wa mapokezi pia. Anza kwa kujiuliza kama nafasi unayoajiri ina mzigo huo. Kama haina, hifadhi muda wako.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild, pia wa Marekani, aliueleza mzigo huo mwaka 1983. Alichunguza wahudumu wa ndege na, cha kunifurahisha mimi, wakusanya madeni. Mhudumu analipwa ili abiria ajione mkubwa, na mkusanya madeni analipwa ili mdaiwa ajione mdogo. Wote wawili wanauza sura zao kwa mshahara. Afisa mikopo wa kikundi anatakiwa afanye yote mawili kwa mtu yuleyule. Siku ya kutoa mkopo anatabasamu, na wiki ya sita anadai.

Dodoso la kujipima lina pa kulitumia, lakini si kwenye usaili

Vipimo vingi utakavyoona mitandaoni vinamtaka mtu ajipe alama mwenyewe. Vipo vya kitaalamu, kama kile cha Reuven Bar-On cha mwaka 1997 chenye maelezo 133, na kifupi cha Wong na Law cha mwaka 2002 kilichotengenezwa Hong Kong, chenye maelezo 16. Havina ubaya. Shida ni kwamba mtu anayetafuta kazi anaona jibu zuri liko wapi, naye anachagua hilo. Hata asiyedanganya anaweza asijijue: mtu akijipa alama mwenyewe, kisha akapewa mtihani wenye majibu sahihi, alama hizo mbili zinakaribiana kidogo sana.

Mwaka 2014 Oliver Sheldon, David Dunning na Daniel Ames walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa uzamili wa biashara. Waliofanya vibaya zaidi kwenye mtihani wa akili hisia ndio waliojikweza kupita kiasi. Walipoonyeshwa matokeo wakawa wepesi kusema mtihani wenyewe ni mbovu, na wazito kutafuta msaada. Kila nikiusoma utafiti huo namkumbuka mtu fulani, na nina hakika nawe umeshamkumbuka wako.

Kwa hiyo dodoso la namna hiyo mpe mfanyakazi ambaye tayari umemwajiri, alijaze kwa faida yake, abaki nalo. Usilikusanye.

Aina ya pili ni ya mtihani wa uwezo. Unaojulikana zaidi ni wa Mayer, Salovey na mwenzao Caruso, uliotoka mwaka 2002 na wenye maswali 141. Unaonyeshwa uso, unaambiwa kisa, unachagua. Jibu sahihi hupatikana kwa kuangalia maelfu ya watu walijibu nini, au wataalamu 21 wa hisia walijibu nini. Njia hiyo naipenda. Maswali yenyewe ndiyo sitaki kuyaleta Tanga jinsi yalivyo, kwanza kwa sababu yanauzwa na yana haki miliki, na pili kwa sababu waliojibu si watu wetu. Mteja wangu anayetazama chini akiongea na mtu mzima hafichi kitu, kalelewa hivyo. Nimechukua njia, nikaacha maswali.

Kutengeneza maswali yako mwenyewe

Kaa na wafanyakazi wako wa muda mrefu, chai na mihogo mezani, uwaulize: ni siku gani mteja alikushinda, na siku gani ulimpatia? Acha wasimulie. Wewe andika kisa hadi pale afisa anapotakiwa kuamua, kisha kata. Aliyoyafanya baada ya hapo yawe mojawapo ya machaguo, na machaguo mengine uyapate kwa kuwauliza wenzake, "Ungekuwa wewe?" Usiyatunge mwenyewe mezani, maana utatunga moja zuri na matatu ya kijinga, na msailiwa atalijua zuri kabla hajamaliza kusoma.

Hiki ni kimoja kati ya vyangu, nimebadilisha kidogo ili mhusika asitambulike:

"Leo ni siku ya rejesho. Mama muuza dagaa wa Soko la Mgandini amefika mapema kuliko kawaida yake. Amewasalimu wote, anacheka sana, na amekaa karibu na mlango. Zamu yake ilipofika amesema, 'Nipitieni kwanza, wengine watangulie.' Wenzake wawili wametazamana."

Swali la kwanza: anahisi nini zaidi? Furaha, hofu iliyochanganyika na aibu, dharau kwa kikundi, uchovu. Swali la pili halimtaki mtu achague moja. Linamtaka atoe alama kwa kila tendo, 1 kwa tendo baya kabisa hadi 5 kwa tendo zuri kabisa. (a) Unamwambia mbele ya wote kwamba zamu ni zamu, atoe alichonacho. (b) Unampita kimyakimya, unaendelea na wengine, kisha unamwita kando kabla kikao hakijafungwa. (c) Unampita, na humkumbushi tena hadi yeye mwenyewe aseme. (d) Unamwomba mwenyekiti wa kikundi atoke naye nje sasa hivi amuulize kuna nini.

Sasa ufunguo. Tafuta watu watano wanaoijua kazi hiyo mpaka ndani, na wasiwe maafisa peke yao. Kwangu ni maafisa wawili wakongwe, wenyeviti wawili wa vikundi, na bibi mmoja aliyekuwa mweka hazina wa kikundi chake kwa miaka mingi, ambaye mdaiwa akikohoa tu yeye ameshajua. Kila mmoja anajibu peke yake, bila kunong'onezana. Kwa swali la kwanza hesabu waliochagua kila jibu. Wanne kati ya watano wakisema hofu na aibu, na mmoja akisema uchovu, basi msailiwa atakayechagua hofu na aibu anapata 0.8, wa uchovu anapata 0.2, wengine sifuri. Kwa swali la pili chukua wastani wa alama za wale watano kwa kila tendo. Tendo (b) likipata wastani wa 4.6 na msailiwa akalipatia 5, tofauti ni 0.4, akilipatia 2, tofauti ni 2.6. Jumlisha tofauti zake zote. Mwenye jumla ndogo ndiye anayeona kama wakongwe wanavyoona.

Kisa hiki kilinifundisha kwamba mtego mzuri ni (c). Tendo (a) wengi wanaliona baya. Lakini (c) linafanana na huruma, na vijana wapole hulipatia alama ya juu. Wakongwe walilishusha wote: ukimwacha hadi aseme, atatoka na ule mlango alioukalia, na kikundi kitabaki kumchangia rejesho lake huku kikimsema. Tendo (d) nililiondoa, kwa sababu wale watano waligawanyika. Mmoja wa wenyeviti alisema inategemea kama mama huyo na mwenyekiti wake wanapatana. Wakongwe wakigawanyika, huna ufunguo. Toa.

Toa pia swali ambalo kila mtu analipata. Nilikuwa na kisa cha mteja aliyefiwa siku ya rejesho. Hakuna aliyekosa, kila mtu anajua kwamba rejesho halidaiwi msibani. Kinapendeza kukisoma, lakini hakitenganishi mtu na mtu. Ukibakiwa na visa kumi na tano vilivyosalimika katika mchujo huo, ofisi ndogo inakutosha.

Sauti

Kazi yetu siku hizi nusu yake ni simu, kwa hiyo usikivu wa sauti naupima peke yake. Kila ofisi ina mtu mmoja anayejua kuiga watu. Mchukue huyo na wengine wawili watatu, wazee kwa vijana, wake kwa waume, warekodi kwenye simu maneno haya tu: "Nitakuja kesho, inshallah." Kila mmoja ayaseme kwa hali uliyomnong'oneza: mara ana aibu, mara ameudhika na kupigiwa, mara anakwepa na hana mpango wa kuja, mara ametulia na pesa anayo. Maneno ni yaleyale, ili msikilizaji asishike maneno. Watafiti wa Geneva, Uswisi, waliotoa kipimo chao mwaka 2014, walikwenda mbali zaidi: waigizaji wao 10 walitamka sentensi zisizo na maana yoyote, katika vipande 83 vya video, kwa hisia 14.

Wasikilizishe kwanza wale wakongwe watano. Rekodi ambayo hawakubaliani na mwigizaji, ifute. Pengine aliigiza vibaya. Zilizobaki msailiwa azisikie mara moja tu, kama simu ya kweli, aandike jibu. Usitumie ujumbe wa sauti wa mteja halisi hata kama unao mwingi kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mteja hakukutumia sauti yake uifanye mtihani.

Jambo moja la kuzingatia: msailiwa mgeni wa mji anaweza kukosa hapa bila kuwa na upungufu wowote. Mtu wa Tanga akikukatalia kwa upole, mgeni anaondoka akidhani amekubaliwa. Huyo nampa nafasi ya kurudia baada ya kutembea uwandani na mwenyeji kwa muda. Akipanda, ana sikio na alikosa uzoefu tu. Akibaki palepale, hapo ndipo naanza kuwa na mashaka.

Karatasi ya maneno ya hisia

Hii ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, haihitaji hata chumba. Richard Lane na wenzake mwaka 1990 walitoa kipimo chenye visa 20, na kila kisa kina maswali mawili: wewe ungehisi nini, na yule mwingine angehisi nini? Hakuna kuchagua, mtu anaandika mwenyewe. Alama zinatolewa 0 hadi 5 kwa kuangalia maneno aliyotumia.

Kisa changu kimoja ni hiki: umemtumia ndugu yako pesa ya ada ya mtoto, ukasikia kaitumia kwenye harusi. Anayeandika "Ningeona hajafanya vizuri" ametoa maoni, hajataja hisia, sifuri. "Kichwa kingeniuma" ni mwili, 1. "Ningejisikia vibaya", au "Ningempigia nimpe vidonge vyake", ni 2, kwa kuwa hisia yenyewe bado haina jina. "Ningekasirika" ni 3. "Ningekasirika, na ningeumia kwa sababu nilimwamini" ni 4. Wa 5 ni yule anayesema hayo, kisha akamfikiria na mwenzake kwa namna tofauti na yake: "Yeye angeona aibu, na angeogopa nisije nikalipeleka kwa wazee." Mtu akiandika "Roho ingeniuma" usimpe 1 ukidhani kazungumzia kiungo, anasema ameumia, mpe 3.

Utashangaa wangapi wenye shahada wanaishia kwenye 2. Na utamkuta binti wa kidato cha nne aliyekua akiuza genge na mama yake anaandika za 5 mfululizo.

Igizo la dakika saba

Afisa mkongwe anakuwa mteja. Anapewa kadi ambayo msailiwa haioni, mathalani: "Pesa unayo. Mume kakuambia usilipe hadi mwenzako wa kikundi alipe deni lake kwako. Hutaki kusema habari za mume." Msailiwa anaambiwa kitu kimoja tu, kwamba mteja huyu hajalipa wiki mbili. Watazamaji wawili wanaweka alama ya vema kwa matendo, si kwa kumpenda mtu. Je, aliuliza swali kabla ya kudai? Mteja alipokaa kimya, alimwachia kimya hicho au alikijaza kwa maneno? Aliposemeshwa vibaya, sauti yake ilipanda, ilishuka au ilibaki? Aliitaja hali ya mteja kwa namna inayomfungulia mlango, kama "Naona kuna jambo linakukwaza, mama"? Mwishoni aliondoka na tarehe na kiasi?

Hilo la mwisho usilisahau. Nimeona wasailiwa wenye upole wa kutosha kumliza mteja, wakatoka bila ahadi ya shilingi moja. Ofisi ya mikopo haiajiri wafariji.

Kwa aliyeko kazini tayari, igizo halina haja, waulize wanaomwona: mwenyekiti wa kikundi, mtunza fedha, na mlinzi wa getini, ambaye huona sura za wateja wanapotoka. Usiulize kama ni mvumilivu. Uliza, "Mara ya mwisho mteja alipomfokea, alifanya nini?" Majina ya waliosema usiyatoe, na usimpelekee mhusika jibu la mtu mmoja peke yake, kwa sababu katika ofisi ndogo atamjua mara moja.

Mwenye kipaji cha kusoma watu si lazima awe mwema

Hili semina hazilisemi sana. Stéphane Côté na wenzake mwaka 2011 walionyesha kwamba ujuzi wa kusimamia hisia unafuata tabia ya mwenye nao: mwenye kujali wengine anautumia kusaidia, na mwenye hila anautumia kuumiza wenzake. Afisa anayeijua aibu ya mtu ilipo anaweza kuistahi, na anaweza kuibonyeza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni, na aliyewahi kutumiwa ujumbe kuhusu deni la shemeji yake anajua mchezo huo unavyochezwa. Waliobuni kuwaandikia ndugu na majirani wa mdaiwa walimwelewa Mtanzania barabara.

Basi uaminifu pima kwa njia nyingine: wadhamini wake, mwajiri wake wa zamani ukimpigia mwenyewe, na kipindi cha majaribio ambacho marejesho yanahesabiwa na watu wawili. Alama za juu za akili hisia zisikulegeze hapo. Mimi zinaniongezea umakini.

Alama ukishazipata

Usizichanganye zikawa namba moja. Mtu anaweza kuwa hodari wa kutambua na dhaifu wa kusimamia: anaona kila kitu na kila kitu kinamchoma. Huyo ukimweka mapokezi atachoka kabla ya mwaka kwisha, lakini kwenye kitengo cha kuhakiki maombi ya mkopo ni dhahabu. Anayetulia kwa sababu haoni kitu, naye yupo, na kwenye igizo anaweza kukudanganya kwa utulivu wake. Ndiyo sababu ya ile karatasi ya maneno.

Mwambie msailiwa kabla kwamba unapima hili, na baada ya uamuzi mwonyeshe alama zake akitaka. Karatasi zifungie kabatini. Baada ya muda linganisha alama za waliopita na kilichotokea: vikundi vyao vinadumu, malalamiko ni mangapi, mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ikoje. Ukiwa na maafisa sita saba, namba hizo hazithibitishi lolote. Lakini swali ambalo mzembe wako mkubwa alilipata vizuri litajionyesha, na utalitoa.

Nyumbani

Kule kuvaa uso usio wako kutwa nzima kuna gharama. Tafiti zimerudia kuonyesha kwamba kuigiza hisia kwa juu tu, bila kuibadilisha namna unavyolitazama jambo lenyewe, huenda sambamba na kuchoka na kazi. Maafisa wangu wanaocheka na wateja kwa meno ndio ninaosikia wakiwafokea watoto wao kwenye simu saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo nyumbani mtu ajipime kwa njia isiyomruhusu kujipendelea. Mwanasaikolojia William Ickes alikuwa akiwarekodi watu wawili wakizungumza, kisha kila mmoja anatazama video na kusema alikuwa akiwaza na kuhisi nini dakika fulani, na mwenzake anakisia. Kamera huihitaji. Chukua daftari dogo. Kabla hujamuuliza mumeo, mkeo au mtoto ana nini, andika unachodhani anahisi, kwa neno moja kamili; "vibaya" hairuhusiwi. Kisha muulize, na andika alichosema. Jumamosi hesabu umepatia mangapi, na angalia unapokosea unakosea kuelekea wapi. Mimi kwa mwanangu wa kidato cha pili nilikuwa naandika "amenichukia" mara nyingi kuliko alivyonichukia.

"Umekasirika?"

"Hapana mama. Nina njaa."

Ukiona unakosea upande uleule kila mara, hapo pana kazi ya kufanya, na ni kazi ya wiki nyingi. Ukiona unapatia kwa wote isipokuwa mtu mmoja, anza kumuuliza huyo mapema zaidi, kabla hujatafsiri uso wake. Na usiulize mara kumi kwa siku, watu wanachoka kuchunguzwa. Mume wangu amekubali swali moja tu, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, na sharti lake ni kwamba daftari nisilifungue mbele yake.